HAKI YA MBWA ALIYEKUFA

Ndugu yetu mmoja, mzaliwa wa Mombasa ambaye riziki yake imempeleka Kabazi, huko Subukia katika Nakuru, alitujia usiku wa darasa akiwa na swali. Tumeona ni kheri kumjibu kwa maandishi, kwani jambo lenyewe si lake peke yake.

Kabazi ni mahali pa baridi na mashamba. Watu wake hulima mahindi, viazi na kabeji, na hufuga ng'ombe wa maziwa. Usiku mtu hana jirani wa ukuta kwa ukuta wa kumwita, kama tulivyo sisi mijini. Kwa hiyo wengi wenye maboma huweka mbwa, na langoni hutundika kibao cha "Mbwa Kali".

Ndugu yetu naye aliweka mbwa, akakaa naye miaka tisa. Mbwa huyo hakupata kuingia ndani ya nyumba. Alilala penye lango la zizi, akala makombo, na mara mbili aliwafukuza wezi waliokuja kwa ajili ya ndama. Asubuhi moja alikutwa amekufa pale pale alipozoea kulala. Mtoto wa ndugu yetu, mvulana wa miaka minane, aliomba mbwa afukiwe chini ya mti ulio kando ya shamba. Baba mtu akakataa. Alichelea najisi, na zaidi ya najisi alichelea ndimi za watu, wasije wakasema kuwa fulani amemzika mbwa. Akaamuru mzoga ufungwe kamba, uburutwe hadi korongoni, utupwe.

Baada ya siku mbili, mbwa wengine waliuvuta ule mzoga mpaka njiani, katika njia ile wanayopita watoto kwenda skuli. Mtoto akauona. Jioni hakula chakula, na alimwuliza baba yake neno moja tu: "Kosa lake lilikuwa nini?" Baba hakuwa na jawabu. Hilo ndilo swali alilotuletea.

Walipoisikia khabari hii, baadhi ya wenzetu darasani walicheka. Mmoja alisema, "Mbwa ni mbwa." Nasi hatuwezi kuwalaumu, kwani sisi wenyewe tulilelewa hivyo. Tulipokuwa wadogo, tukitoka chuoni na juzuu zetu mikononi, tulikuwa tukimwona mbwa twamrushia mawe mpaka alie, na hakuna mtu mzima aliyetukataza. Tulidhani kuwa kumpiga mbwa ni sehemu ya dini. Basi swali la mtoto wa Kabazi latuhusu sisi kabla ya kumhusu baba yake. Uadui huu tumeupata katika sharia, au tumeuokota mtaani tukauvika kanzu ya sharia?

Tuanze na najisi, kwani ndiyo hoja ya kwanza ya kila mtu. Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafii mbwa mzima ni najisi, na kilichoguswa naye hali ya kuwa pana unyevu hukoshwa mara saba, moja yake kwa udongo. Hili twalishika wala hatulipunguzi. Walakini yafaa msomaji ajue kuwa maimamu hawakuwa na kauli moja. Imamu Malik alimhisabu mbwa kuwa ni tohara, na kauli mashuhuri ya wanavyuoni wa Kihanafi ni kuwa kilicho najisi ni mate yake, si mwili wake. Lau najisi ya mbwa ingekuwa ni laana iliyomshukia, wakubwa hawa wasingekhitilafiana juu yake kama wanavyokhitilafiana katika mambo ya maji na udhu.

Najisi ni hukumu ya tohara. Yatufundisha tukoshe nini, na tukoshe vipi. Haikutufundisha kuchukia. Damu yetu ikitoka ni najisi, na mkojo ni najisi, na kila mmoja wetu hutembea navyo mwilini mwake akaingia msikitini. Mama humkosha mwanawe najisi kila siku, na hatujasikia kuwa mama amemtupa mwana kwa ajili hiyo.

Kisha na tutazame mbwa ametajwa vipi. Katika sura ya al-Kahf, vijana waliokimbia na imani yao wakalala pangoni walikuwa na mbwa wao. Ametajwa pamoja nao, akiwa mlangoni mwa pango, na watu wanapobishana juu ya idadi yao, yeye naye huhisabiwa. Katika sura ya al-Maida, windo lililokamatwa na mbwa aliyefunzwa limehalalishwa kwetu kuliwa. Na Bukhari na Muslim wamepokea khabari ya mtu aliyemkuta mbwa akiramba udongo kwa kiu, akateremka kisimani, akajaza maji katika kiatu chake, akamnywesha, na kwa tendo hilo akasamehewa.

Ni kweli kuwa zimepokewa pia hadithi za kukataza kuweka mbwa pasipo haja, na kuwa thawabu za mwenye kumweka hupungua kila siku. Lakini hadithi hizo hizo zimewatoa katika katazo mbwa wa kuwinda, mbwa wa mifugo na mbwa wa shamba. Mbwa wa Kabazi alikuwa wa mifugo na wa shamba. Bwana wake hakuwa na kosa kumweka, na mbwa hakuwa na kosa kuwekwa.

Wanavyuoni wa kale hawakuona haya kumsema mbwa kwa wema. Ibn al-Marzuban wa Baghdad, aliyekufa mwaka 921 Miladia, aliandika kitabu kizima cha kuonyesha ubora wa mbwa juu ya wengi katika wanaovaa nguo. Hakuwa akiwaita watu wamtukuze mbwa. Aliwataka watu wajitazame wenyewe.

Atasema msemaji: "Haya, mbwa akiwa hai mpe maji na makombo. Akisha kufa hasikii wala haoni. Ana haki gani tena?" Hapa ndipo penye swali lenyewe, nasi twajibu kuwa mzoga ule ulikuwa na haki tatu.

Haki ya kwanza ni ya watu na viumbe vingine. Mzoga uliotupwa haukai ulipotupwa. Mbwa aghlabu hufa kwa maradhi, au kwa sumu aliyotegewa na wezi, na madhara yake hayafi pamoja naye. Mwezi wa Disemba 2015, katika Maasai Mara, mzoga wa ng'ombe ulitiwa sumu kwa ajili ya simba. Simba walikufa, na tai nao wakafa. Na mwaka 1994 maradhi ya mbwa wafugwao yaitwayo distempa yaliwaingia simba wa Serengeti, yakawaua kiasi cha thuluthi moja. Ikiwa simba hasalimiki na maradhi ya mbwa, mbwa wa jirani atasalimika vipi? Mtume (s.a.w.) ametuonya tusifanye haja katika njia za watu, wala vivulini, wala penye maji yao. Basi ikiwa haja ya mtu hairuhusiwi hapo, mzoga wa mbwa utaruhusiwaje?

Haki ya pili ni ya mlinzi mwenyewe. Kweli, hajui tena lolote. Lakini shukrani haikuwekwa ili anayeshukuriwa apate kujua tu. Imewekwa pia ili anayeshukuru asiwe mtovu. Mtu aliyelindwa miaka tisa, akalala usingizi ilhali mwingine yu macho katika baridi ya Kabazi, kisha akamburuta mlinzi wake kwa kamba, huyo amejizoeza jambo ovu. Waswahili husema shukrani ya punda ni mateke. Katika khabari hii punda si mbwa. Punda ni sisi.

Na tukumbuke kuwa mwana wa Adamu alipomwua ndugu yake hakujua la kufanya na maiti, hata Mwenyezi Mungu akamleta kunguru, akafukua ardhi mbele yake. Basi ndege ndiye aliyemfundisha binadamu kusitiri. Itakuwaje leo binadamu aone haya kumsitiri mnyama?

Haki ya tatu ni ya mtoto. Mvulana yule alikuwa na huruma moyoni, na huruma ni mbegu. Alipoomba kumfukia mbwa hakuomba bid'a. Aliomba ruhusa ya kuwa mtu mwema. Baba alimfundisha siku ile kuwa anayetumika huthaminiwa muda wa kuwa na faida, na ikisha faida yake hutupwa. Somo hili mtoto hatalifunga kwa mbwa peke yake. Siku moja wazee wake nao watadhoofika, na faida yao itakwisha.

Ama kulia, hapana ubaya. Mtume (s.a.w.) alitokwa na machozi alipokufa mwanawe mdogo Ibrahim, na alipoulizwa akabainisha kuwa hayo ni rehema. Hatusemi kuwa mbwa ni mfano wa mwana wa Mtume, hasha. Twasema kuwa chozi la huruma si aibu. Na imepokewa pia kuwa Mtume aliingia bustani ya mtu wa Madina, akamkuta ngamia akilia kwa njaa na kazi nyingi, akampapasa mpaka akatulia, kisha akamwonya mwenyewe amwogope Mungu. Aliyemfuta ngamia machozi hatamkemea mtoto anayemlilia mbwa.

Baada ya haya twaonya upande wa pili, ili tusitoke katika upungufu tukaangukia katika kupita kiasi. Wako watu waliomfanya mbwa kuwa sawa na mtu. Mjini London, katika bustani ya Hyde Park, makaburi ya mbwa yalianza mwaka 1881, na yana mawe yaliyoandikwa majina. Karibu na Paris, mahali paitwapo Asnières, makaburi makubwa ya mbwa yalifunguliwa mwaka 1899. Nasi hapa kwetu, wazee wa Bonde la Ufa wanakumbuka enzi za kabla ya 1963, ardhi ile ilipokuwa ya walowezi, na mbwa wa mlowezi akala nyama ilhali mfanyakazi apewa posho ya unga. Kumpenda mbwa na kumdhulumu mtu si huruma. Walakini dhuluma ya mlowezi haimhalalishii Mwislamu ukatili, kwani mbwa yule hakuwa ndiye mwenye shamba.

Basi mpaka ni huu. Mbwa havikwi sanda, hasaliwi, hawekewi matanga, wala hafukiwi katika makaburi ya Waislamu. Lugha yetu yenyewe imetenganisha: mtu huwa maiti akazikwa, mnyama huwa mzoga akafukiwa. Sharia haikutuwajibisha kumfukia kila mnyama, lakini haikukataza, na penye madhara kwa watu, kuyaondoa ni wajibu.

Na namna yake ni nyepesi. Mzoga hufungwa katika gunia kuukuu, ukachukuliwa kwa koleo au toroli, mikono ikiwa na glavu. Shimo lichimbwe kiasi cha futi 4, mbali na kisima na mto, na udongo ushindiliwe ili fisi na mbwa wasifukue. Kikavu kikigusa kikavu hakuna najisi iliyohama. Penye unyevu, hukoshwa mara saba, moja yake kwa udongo, na udhu wa mtu hautanguki kwa kugusa najisi. Kazi yote ni ya nusu saa, na maji yapo.

Lakini ikiwa mbwa alibadilika tabia kabla ya kufa, akauma ovyo, akatokwa na udenda au akashindwa kumeza, asiguswe na mtu, na aitwe afisa wa mifugo. Hicho huenda kikawa ni kichaa cha mbwa. Aliyeumwa na akoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo akadungwe sindano, kwani maradhi hayo yakisha kuonyesha dalili ni nadra mtu kupona. Serikali ya Kenya iliweka mpango mwaka 2014 wa kuyatokomeza maradhi haya kwa watu ifikapo 2030, na njia yake ni kuwachanja mbwa asilimia 70. Basi mwenye mbwa na amchanje. Hiyo ndiyo haki ya jirani kabla ya mbwa kufa.

Na mbwa mzee asiye na madhara asifukuzwe porini, wala asinyimwe chakula mpaka afe. Sote tumesoma khabari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa paka aliyemfungia bila ya chakula. Hatuoni kuwa mwenye kumfanyia mbwa vivyo hivyo atapata udhuru kwa kuwa mbwa ni najisi.

Sasa twarejea kwako, ndugu yetu wa Kabazi. Umetuuliza kama ulikosa, nasi twasema ndiyo, ulikosa. Hukukosa kwa kuogopa najisi, kwani najisi ilikuwa na maji na udongo wake. Ulikosa kwa kuwaogopa watu, kisha ukaivisha hofu hiyo jina la dini. Wengi wetu tungalifanya kama wewe, na wengi hawangaliuliza. Wewe umeuliza.

Rudi nyumbani, ndugu yetu. Mabaki yaliyosalia korongoni na njiani yakusanye kwa koleo, na mwanao awe kando yako. Chimba pale alipotaka kuchimba. Mkimaliza, kosheni mikono kama tulivyoeleza, na umjibu swali lake, kwani mtoto aliuliza kwa haki. Mwambie kuwa mbwa hakuwa na kosa lolote.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa katika wenye kuwarehemu waliomo ardhini. Wabillahi taufiq.