Subira na Kutu

Wahenga wetu walituchanganya. Upande huu wametuachia "subira yavuta heri" na "haraka haraka haina baraka". Upande wa pili wametuachia "ngoja ngoja huumiza matumbo" na "chelewa chelewa utakuta mwana si wako". Shuleni tuliziandika zote katika daftari moja, pengine ukurasa mmoja, na hakuna aliyenyoosha kidole kuuliza: sasa mwalimu, tufuate ipi? Kijana akikimbilia jambo anaambiwa ana pupa. Akitulia anaambiwa amezubaa. Kila mtu anachomoa methali inayomfaa siku hiyo, kama anavyochagua shati.

Mimi nadhani methali hizi hazigombani. Zinazungumzia vitu viwili tofauti ambavyo sisi tumevipa jina moja. Na ukitaka kuiona tofauti hiyo kwa macho, usihangaike na vitabu vya falsafa. Mtazame fundi anayehangaika na injini iliyokamata ya lori kuukuu la jeshi.

Tuchukue lori moja tulijue kwa jina: GMC CCKW, lililotengenezwa Marekani kati ya 1941 na 1945, zaidi ya malori 500,000. Lina injini ya petroli ya silinda sita, lita 4.4 hivi, na lilipimiwa mzigo wa tani mbili na nusu. Askari walilibatiza "Jimmy". Baada ya Vita vya Pili vya Dunia mengi yalibaki Ulaya. Mengine yaliendelea na kazi ya jeshi, mengine yakabeba magogo na mazao, na mengine yakaegeshwa tu nyuma ya banda. Mpaka leo wapo watu, Ufaransa, Uingereza na kwingineko, wanaoyanunua yakiwa chuma chakavu na kuyafufua. Mara nyingi ugonjwa wa kwanza wanaoukuta ni huu: injini haizunguki. Ukishika hendeli pale mbele, ni kama umeshika mlingoti uliochimbiwa kwenye zege.

Kwa nini haizunguki? Hapo ndipo somo linapoanza, maana injini hukamata kwa njia mbili.

Ya kwanza ni kukamata ikiwa kazini. Oili imekwisha, au maji ya kupozea yamekauka, na dereva anakanyaga mafuta tu. Joto linapanda, pistoni zinavimba na kukwaruza silinda, beringi zinayeyuka na kung'ang'ania krankshafti. Mafundi wetu husema imenoki. Ya pili ni kukamata ikiwa imelala. Lori liliegeshwa zima, pengine siku hiyo lilikuwa linanguruma vizuri. Halafu likaachwa. Mvua ikapata njia, unyevu ukateremka ndani ya silinda, na kutu ikaziunganisha ringi za pistoni na ukuta wa silinda. Hapa hakuna aliyelipiga wala aliyeligonga. Liliharibiwa na kusubiri.

Kwa hiyo fundi mzuri haanzi na spana. Anaanza na swali: gari hili lilisimamaje? Anafungua kizibo cha sampu taratibu, aone kama kuna maji, maana maji ni mazito kuliko oili na hutangulia kutoka. Kama beringi zimeyeyuka, hata umwage pipa zima la mafuta ukae kusubiri mwaka, chuma kilichoyeyuka kikashikana hakitaachiana kwa hisani. Injini hiyo ni ya kushushwa na kufunguliwa yote. Lakini kama ni kutu, kuna njia.

Anachomoa plagi zote sita. Kila tundu anamimina mafuta ya kupenya. Wengine hutumia dizeli, wengine mafuta ya taa, wengine oili ya giaboksi ya otomatiki iliyochanganywa na asetoni nusu kwa nusu (mbali na moto, maana asetoni haina utani). Kesho yake anachungulia kwa tochi. Silinda ambayo mafuta yameshuka ina upenyo. Ile ambayo mafuta yako palepale, huyo ndiye mgonjwa. Anaongeza. Keshokutwa tena. Wakati huohuo anafungua kifuniko cha juu na kulegeza roka, kwa sababu valvu nazo hukamata, na ukizungusha injini ambayo valvu zake hazisogei, fito za kuzisukuma zitapinda.

Baada ya siku kadhaa, pengine wiki kadhaa, anaweka spana kwenye nati ya mbele ya krankshafti, anaurefusha mpini kwa bomba, na anaegemea. Haruki wala hapigi nyundo. Amechora alama ya chaki kwenye puli ili macho yasimdanganye. Anaegemea kulia, anaachia, anaegemea kushoto. Siku chaki inaposogea upana wa ukucha, hashangilii kwa kusukuma mbele zaidi. Anarudisha nyuma! Maana ukisukuma mbele tu, unga wa kutu unakusanyika na kuwa kabari. Ukirudi, mafuta yanaingia pale ulipotoka. Mbele kidogo, nyuma kidogo, mafuta tena, mpaka siku injini inapokata mzunguko mzima. Na siku hiyo plagi bado ziko nje, kwa sababu mafuta yaliyojaa kwenye silinda hayabonyei. Yakikosa pa kutokea yanaweza kupinda konrodi.

Njia ya mkato ipo, bwana. Lifunge lori kwa cheni kwenye trekta, tia gia, vuta. Tusidanganyane, wakati mwingine inafanikiwa, ndiyo maana watu hawaiachi. Lakini mara nyingine ringi zinakatika, konrodi inapinda, pistoni inapasuka. Injini iliyokuwa na ugonjwa wa kutu sasa ina ugonjwa wa kuvunjika.

Kosa la trekta si kwamba lina nguvu. Bomba refu nalo ni nguvu, tena nguvu ambayo mkono mtupu hauwezi hata kuiota. Tofauti ni kwamba mwenye bomba anasikia. Chuma kinapoanza kulalamika, malalamiko yanapanda mpaka kwenye kiganja chake, naye anaachia. Aliyekalia trekta hasikii kitu. Kati yake na pistoni kuna cheni, ekseli, giaboksi, na muungurumo wa trekta lake mwenyewe. Konrodi ikipinda atapata habari baadaye.

Na yule aliyeliacha lori nyuma ya banda? Naye hasikii. Hakugusa kitu, hakuvunja kitu, mikono yake misafi. Kila mwaka anasema mwakani nitalishughulikia. Tumezoea kumwona kuwa kinyume cha mtu wa trekta: huyu ana pupa, yule ana subira. Ah, wapi! Hao ni ndugu wa tumbo moja. Wote wawili hawana mkono kwenye bomba. Siku thelathini zikiwa na mafuta hufungua, na siku thelathini zilezile zisipokuwa na mafuta hufunga. Basi anayekwambia "muda utatatua" hajakwambia chochote.

Lori hili lenyewe lina ushahidi wa jambo hilo. Kuanzia tarehe 25 Agosti hadi 16 Novemba 1944, malori ya aina hii yalikuwa uti wa mgongo wa msafara ulioitwa Red Ball Express, uliobeba petroli, risasi na chakula kutoka Normandy kuyafuata majeshi yaliyokuwa yakiwafukuza Wajerumani. Kiasi cha robo tatu ya madereva wake walikuwa Wamarekani weusi. Waliendesha mchana na usiku kwa ajili ya jeshi lililowatenga katika vikosi vyao kwa sababu ya rangi. Amri ya Rais Truman ya kuondoa ubaguzi huo ilitoka tarehe 26 Julai 1948, vita ikiwa imekwisha karibu miaka mitatu. Na uraiani waliendelea kuambiwa: subirini.

Aprili 1963, akiwa jela Birmingham, Martin Luther King aliwajibu kwa barua viongozi wanane wa dini, wazungu, waliosema maandamano yake hayakuwa ya busara wala hayakuja kwa wakati wake. Hoja yake moja kubwa ilikuwa kwamba muda wenyewe hauna upande, na kwamba "subiri" ya namna ile huwa na maana ya "kamwe". Lakini King hakuwa mtu wa trekta. Katika barua hiyohiyo alieleza hatua za kazi yao: kukusanya ukweli, kujadiliana, kujiandaa nafsi, ndipo kuchukua hatua barabarani bila kumwaga damu. Hiyo ndiyo shinikizo ya bomba. Ina nguvu, na ina masikio.

Sasa msomaji mmoja atanibana: wewe unaongea tu. Hao wenye malori ya starehe wana uwezo wa kumimina mafuta wiki sita. Fundi wa gereji ya chini ya mwembe je? Tajiri anataka gari lake jioni, na nyumbani watoto hawali falsafa. Hoja hii ni nzito, na siwezi kuipita pembeni. Subira ina gharama. Inataka dizeli, inataka mahali pa kuegesha, inataka chakula cha siku zote hizo za chaki kutosogea. Ndiyo maana namtilia shaka mtu aliyeshiba anapomhubiria subira mwenye njaa. Anayehubiri subira na alipie mafuta. Asipolipia, anahubiri kutu.

Tazama mitaani kwetu. Kijana ana cheti, anaambiwa avumilie, nafasi zitatangazwa. Nani anamimina nini katika miaka hiyo ya kuvumilia? Binti anapigwa na mumewe, anakimbilia kwa shangazi, shangazi anamrudisha: vumilia mwanangu, ndoa ni subira. Jamani! Hapo hata swali la kwanza la fundi halikuulizwa. Ndoa ya kipigo haina kutu. Imenoki. Kumwambia binti yule asubiri ni kumimina mafuta juu ya beringi zilizoyeyuka, na anayeungua ni yeye.

Hata sisi wenye kalamu tusijitoe. Muswada uliolala mtoandoni miaka miwili "unaiva", eti. Hauivi. Kama huufungui, hukati sentensi, humsomei mwenzako akazomea, huo umeegeshwa nyuma ya banda. Na yule anayeumaliza usiku mmoja ili awahi kuitwa mwandishi, huyo amefunga cheni kwenye trekta. Kazi iko katikati: ukurasa mbele, nusu ukurasa nyuma, kila siku, na chaki ya kukuonyesha kama umesogea kweli.

Kwa hiyo, ndugu yangu, mtu akikwambia "subiri", usimtukane, na usimwitikie upesi. Muulize kitu hiki kimekamata kwa kutu au kwa moto. Muulize mafuta yako wapi. Muulize nani ameshika bomba. Akiwa na majibu, vua shati mkashikane naye kazi, hata kama itachukua mwaka. Akiwa hana, basi hakukupa subira huyo. Amekuegesha.