Mbegu ya Uhai Kutoka Nyotani

Vijana wengine walioona sinema ya Prometheus, iliyotolewa mwaka 2012, huwauliza walimu wetu kama ni kweli kwamba uhai uliletwa duniani na viumbe wa nyota za mbali. Katika hadithi hiyo kiumbe mmoja anywa dawa penye maporomoko ya maji, mwili wake wavunjika, na mabaki yake yawa mbegu ya uhai. Ndugu walimu, tusiwacheke.

Maana wazo hili halikuanza kwa watunga hadithi. Mwaka 1871 Lord Kelvin wa Uingereza alisema huenda vimondo vilibeba mbegu za uhai. Baadaye Svante Arrhenius, mtaalamu wa Uswidi, akafikiri kwamba viini vidogo mno husukumwa na nguvu ya mwanga toka ulimwengu hata ulimwengu. Na mwaka 1973 Francis Crick, mmoja wa waliogundua umbo la DNA, pamoja na Leslie Orgel, waliandika kwamba labda wenye akili wa mbali walituma viini hivyo kwa chombo, kwa makusudi. Lakini wenyewe walikiri kwamba ushahidi hautoshi. Kukiri huko twakusifu. Kweli, katika kimondo kilichoanguka Murchison, Australia, mwaka 1969, zilionekana asidi amino, ambazo miili hujengwa kwazo. Ila matofali si nyumba.

Tena, mtu akikuta mche wa mwembe uliojiotea shambani, aweza kusema kwamba popo aliangusha kokwa kutoka kwa jirani. Huenda asema kweli. Je, mwembe wa jirani ulitoka wapi?

Hata hivyo swali zito zaidi limo ndani ya hadithi yenyewe. Waliopanda watu waazimu kuwaangamiza, kana kwamba aliyepanda ana haki ya kung'oa apendavyo. Sisi hatukubali. Hata baba aliyemzaa mtoto hana ruhusa ya kumwua, wala uzazi wake haumfanyi kuwa mwema. Mzee tajiri katika sinema asafiri mbali sana kuwaomba hao waliopanda wamwongezee siku, naye auawa palepale. Alijua mbegu imetoka wapi. Hakuwa amejiuliza kama aliyeipanda aipenda.