Karatasi ya Maabara Mnadani

Je, mtu anaweza kusema kweli tupu na bado akadanganya? Nasomea kemia ya mimea dawa, na swali hili hunijia kila nikifikiria minada ya Mbulu na Hanang, ambako dawa za mizizi huuzwa jirani na mitumba.

Tuseme muuzaji wa mizizi iliyolowekwa kwenye pombe kali analeta chupa yake maabara. Tunadondosha kitendanishi cha Dragendorff, mashapo ya rangi ya chungwa yanajitokeza, tunaandika: "Alkaloidi: zipo." Tunatikisa na maji, povu halishuki: "Saponini: zipo." Hakuna uongo hapo. Lakini kahawa nayo ina alkaloidi, na ugoro pia. Kipimo hicho hakisemi ni alkaloidi ipi, kiasi gani, wala itamfanya nini mwenye figo mbovu. Tena pombe huvuta kemikali ambazo maji hayazivuti vizuri, kwa hiyo karatasi yetu haimhusu hata mzee anayechemsha mizizi hiyohiyo kwenye supu.

Mnadani, "zipo" husomeka "inatibu".

Mwaka 2011, kule Samunge, Loliondo, maelfu walipanga foleni kunywa kikombe cha Babu Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500. Ulikuwa mchemsho wa mizizi ya mugariga, Carissa edulis kwa wanasayansi. Serikali ilisema kikombe ni salama kunywa. Hilo ni jibu la "je, ni sumu?" Waliokuwa foleni walikuwa na swali jingine, na wapo walioacha dawa za VVU.

Wengine watasema mkemia hawajibiki kwa masikio ya watu. Sikubali. Anayejua jinsi neno lake litakavyosikika amelisema pamoja na masikio hayo. Ila kukataa kupima nako si usafi wa moyo: mnunuzi atakunywa tu, safari hii bila kujua lolote.

Mimi ningeandika pia yale ambayo hatukupima, kwa Kiswahili, kwa herufi za ukubwa uleule. Mwenzangu mmoja alicheka: muuzaji atakata nusu ya chini kwa mkasi. Basi yaandikwe mstari mmoja: "Alkaloidi zipo, uponyaji haukupimwa." Akitaka kwenda maabara nyingine, aende.