Mwanangu, Kabla Hujanunua Helmeti ya Kufunuka

Kaa kwanza, mwanangu. Chai bado ya moto. Najua una haraka. Hata kivuli hujaitafutia pikipiki yako, umeshaanza kunieleza habari za helmeti uliyoiona dukani, ile ambayo taya lake linapanda na kushuka. Asubuhi inafunika uso mzima, mchana inakuwa ya wazi. Umeniuliza kama ni nzuri. Ni nzuri. Nimevaa za namna hiyo miaka mingi. Na haya meno mawili ya chini unayoyaona hayapo, yalitoka nikiwa nimevaa mojawapo. Ndiyo maana nataka tuzungumze kabla hujatoa hela.

Kazi yangu unaijua. Nilikuwa bwana shamba. Eneo langu lilianzia Ilula kwenye nyanya, likashuka Kitonga mpaka Mahenge na Ruaha Mbuyuni kwenye vitunguu. Ni barabara moja, lakini ina baridi yake na joto lake. Ilula mwezi wa sita, saa kumi na mbili asubuhi, baridi inaingia mpaka kwenye fizi. Ukizimaliza kona za Kitonga, joto la bondeni linakupiga usoni kama umefunua sufuria inayochemka. Helmeti ya kufunika uso ilinifaa juu, ikanipika chini. Ya wazi ilinifaa chini, na juu ikanitoa machozi njia nzima.

Halafu kuna salamu. Kule huwezi kumsalimia mzee umejifunika uso. Unasimama, unafunua uso, unasema kamwene, mnaulizana habari za nyumbani, ndipo mnafika kwenye shamba. Ukiwa na wakulima kumi na watano wa kuwaona, unavua na kuvaa mara kumi na tano. Mwisho unachoka. Unaipitisha helmeti kwenye mkono, unaondoka kichwa wazi, unajiambia shamba linalofuata ni pale tu. Nimefanya hivyo, mwanangu, mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka. Kwa hiyo usidhani naikataa hii yako kwa sababu ya uzee. Wala si kitu kipya. BMW ya Ujerumani ilitoa helmeti ya kufunuka taya mwaka 1981, mimi nikiwa kijana kama wewe. Helmeti inayokuwezesha kumsalimia mtu bila kuivua ndiyo itakayobaki kichwani. Kwangu mimi, hiyo ndiyo faida yake kubwa.

Sasa sikia kosa langu.

Mwaka 2009 nilinunua ya mtumba pale Iringa mjini. Nyeusi, inang'aa. Taya lake lilibanwa kwa vifungo viwili vya pembeni, na ukitaka unalichomoa kabisa unalitia kwenye begi. Niliipenda kwa macho. Kitu pekee nilichouliza ni bei.

Miezi mitatu baadaye nilikuwa Ruaha Mbuyuni, natoka kuangalia vitalu vya vitunguu. Mbuzi akakatiza. Sikuwa na mwendo, labda arobaini. Taya nilikuwa nimelifunga, hilo nakuapia. Nikaenda kifudifudi. Lile taya likachomoka kama kifuniko cha ndoo, likatua mtaroni, na kidevu changu kikakutana na lami. Kovu hili hapa, ndevu hazijaota tena.

Nilikaa nyumbani wiki tatu nakunywa uji. Mama yako alikuwa akiupoza kwa kuumimina kutoka kikombe hiki kwenda kile, hasemi neno. Ukimya wake uliniuma kuliko mshono. Siku moja nikaipakata ile helmeti, nikaugeuza ukanda wa kidevu. Ndani yake palikuwa na kipande cha kitambaa cheupe kimeshonewa. Kilikuwepo siku zote. Kina herufi E ndani ya duara, na namba, na mwishoni herufi mbili: NP. Nikamuuliza kijana mmoja fundi anayejua mambo hayo. Akanieleza taratibu, kama ninavyokueleza wewe.

Hiyo ni alama ya kanuni namba 22 ya Umoja wa Mataifa. Namba iliyo pembeni ya E ni ya nchi iliyoithibitisha; 1 ni Ujerumani, 2 Ufaransa, 3 Italia. Namba ndefu inayofuata huanza na 05 au 06, yaani toleo la kanuni. 06 ndilo jipya, na limeongeza kipimo cha pigo la mshazari, lile linalozungusha kichwa. Lakini herufi ndiyo itakayokuambia habari ya taya. J ni helmeti ya wazi. P ni kwamba taya limepimwa na linalinda. NP ni kwamba taya lipo, ila halilindi. Langu lilikuwa la kuzuia vumbi na upepo, basi. Aliyeitengeneza hakunificha. Aliandika, akashonea mahali ambapo mkono wangu unapita kila asubuhi. Ni mimi sikusoma.

Ukikuta P peke yake kwenye helmeti ya kufunuka, maana yake imethibitishwa ikiwa taya limefungwa. Funua ukiwa umesimama, ongea, salimia, kunywa maji, kisha funga ndipo uondoke. Ukikuta P/J, imepimwa kwa hali zote mbili, taya likiwa chini na likiwa juu. Hiyo ndiyo unayoitafuta wewe unayetaka moja ifanye kazi ya mbili. Lakini hata hiyo, mwanangu, ukiendesha taya likiwa juu, kidevu chako kiko nje kama cha mtu yeyote mwenye helmeti ya wazi. Mtafiti mmoja wa ajali huko Ujerumani, Dietmar Otte, alichora mahali helmeti za walioanguka zilipopigwa. Kama theluthi moja ya mapigo yalikuwa eneo la kidevu. Nilipoisikia habari hiyo nilishika kidevu changu bila kujua.

Mimi hapo nakushauri hivi: taya juu uwapo kijijini kwa mwendo wa kutembea, au umesimama. Ukishika lami, shusha. Joto litakuchosha. Jasho litaingia machoni. Vumilia, fungua matundu ya hewa, simama kivulini mara moja zaidi. Nimezika vijana wa kijiweni ambao safari yao ya mwisho ilikuwa ya dakika tano.

Dukani usianze na rangi. Anza na kichwa chako. Hili ndilo watu wanaliruka, na mimi nililiruka mara mbili. Ya kwanza kabisa niliyonunua maishani ilikuwa kubwa, kwa sababu nilitaka nivae na kofia ya sufu ndani. Nikigeuka kuangalia nyuma, kichwa kinageuka, helmeti inabaki inatazama mbele. Chukua futi ya fundi cherehani, zungusha juu kidogo ya nyusi na nyuma pale kichwa kinapochomoza zaidi, andika sentimita. Ukiivaa, mashavu yabanwe. Usiogope kubanwa mashavu, sponji italegea kidogo kwa matumizi. Uogope kubanwa paji la uso. Hapo maumivu hayaishi. Itikise kwa mikono miwili: ngozi ya uso iende nayo. Funga ukanda, kisha ishike kwa nyuma na uisukume mbele kama unataka kuivua. Ikitoka, mrudishie mwenye duka.

Halafu kaa nayo. Robo saa nzima, kichwani, hapo hapo kwenye benchi. Muuzaji atanuna. Mwache anune. Helmeti hizi zina uzito. Nyingi ni kilo moja na nusu na zaidi, zinakaribia pakiti ya unga ya kilo mbili, kwa sababu ya bawaba na makomeo yake. Dukani huusikii uzito huo. Utausikia shingoni kati ya Ilula na Mikumi.

Ukiwa umekaa, shughulika na taya. Lifunue kwa mkono mmoja, lifunge, mara kumi, mara ishirini. Kama una glavu, zivae. Sikiliza linapofunga: upande wa kulia unagonga, wa kushoto unagonga. Ukisikia mlio mmoja tu, halijafunga. Mimi yangu ya pili ilikuwa na herufi sahihi, lakini komeo la kushoto lilizibwa na vumbi la Mahenge na nikaendelea hivyo msimu mzima nikidhani limebana. Tangu hapo kila nikifunga nalivuta taya kwa kidole kama nataka kulifungua. Ni sekunde moja. Makomeo ya chuma nayaamini kuliko ya plastiki. Na tazama taya linakwenda wapi likifunuka. Mengine yanasimama juu ya paji, upepo unayakamata kama tanga na shingo inavutwa nyuma. Mengine yanazunguka mpaka kisogoni yanalala. Hayo ya kulala ni ghali zaidi, lakini kwa barabara zako nayaona yanafaa.

Kwako wewe mwenye miwani kuna raha nyingine. Ukifunua taya, unaivaa helmeti na miwani yako iko usoni. Mimi siku hizi nisingeweza nyingine.

Sasa hela. Najua ulichonacho. Kama hakitoshi kununua ya kufunuka iliyo nzuri, usinunue ya kufunuka iliyo mbaya. Nunua ya kufunika uso isiyofunuka, yenye P iliyoshonewa ukandani, uivue na kuivaa mara kumi na tano kwa siku kama nilivyopaswa kufanya mimi. Au subiri mishahara miwili. Stika iliyobandikwa nyuma ya helmeti isikudanganye. Stika mtu yeyote anaichapisha. Na ya mtumba sitaki. Ndani ya gamba kuna foamu nyeupe, kama ile inayokuja na televisheni mpya. Foamu ile inakulinda kwa kusagika, na ikishasagika hairudi. Wewe utajuaje kama mwenzako wa kwanza alianguka nayo?

Ukiipata, usiitundike kwenye kioo cha pikipiki. Mguu wa kioo unaibonyeza ile foamu kidogo kidogo. Usiisafishe kwa petroli, hata kama mafundi wanafanya hivyo. Maji ya uvuguvugu, sabuni kidogo, na mswaki mkuukuu kwenye makomeo kila Jumamosi. Na ukanda ufunge, hata unapokwenda dukani kununua vocha. Hapo nakuomba, sikushauri.

Ile nyeusi ninayo bado. Iko juu ya kabati, bila taya, imefungwa kwenye gazeti. Mama yako alitaka kuitupa, nikamkatalia. Maliza chai, uilete nikuonyeshe zile herufi. Kisha tumwahi fundi cherehani hapo jirani kabla hajafunga, tuazime futi.