Je, Mzee Anaishi kwa Miaka ya Wengine?



Kijana anapokufa katika jamaa, mara nyingi macho ya watu yanamgeukia mzee wa nyumba. Wanasema: "Huyu amekula miaka ya mtoto, ndiyo sababu yeye hafi." Sisi wenyewe tuliwahi kukaa kwenye kilio cha namna hiyo. Mama mzee akafukuzwa, nasi tukanyamaza. Ukimya huo unatulemea mpaka leo. Kwa hiyo tunauliza: je, maisha marefu ya mmoja ni wizi juu ya mwingine?

Tumtazame mnyama mwenye kuishi miaka mingi kuliko wanyama wote wanaonyonyesha. Katika bahari za barafu, kaskazini kabisa ya dunia, yuko nyangumi mwenye kichwa kilichopindika kama upinde. Uzito wake unaweza kupita tani 80. Mwaka 1999 wataalamu waliopima macho ya nyangumi waliovuliwa Alaska walikadiria kwamba mmoja alikuwa na miaka 211. Mwaka 2007 ndani ya nyama ya mwingine kilikutwa kipande cha chuma cha silaha ya wawindaji wa karne ya 19. Alipigwa, akapona, akaishi tena miaka mingi.

Miaka hiyo aliipata wapi? Mwili mkubwa una chembe nyingi sana, na kila chembe inaweza kuharibika na kuzaa kansere. Mtu angedhani nyangumi huyu angekufa mapema. Mwaka 2015 wataalamu walisoma jeni zake, ndiyo maagizo ya mwili yanayotoka kwa baba na mama. Mwaka 2025 wengine wakaonyesha kwamba chembe zake zina uwezo mkubwa wa kuunga ADN iliyokatika. Protini moja inayoitwa CIRBP inasaidia kazi hiyo, na baridi inaiongeza. Kila siku kuna kuvunjika, kila siku kuna kuunga.

Basi tuone: nyangumi huyo hakumnyang'anya mwanawe hata siku moja. Miaka yake imetoka katika urithi wake na katika kazi ya mwili wake mwenyewe.

Mwingine atasema: "Nyangumi hana moyo wa ubaya, mtu anao." Ni kweli. Lakini ubaya wa mtu unajulikana kwa matendo yake, si kwa mvi zake. Kama uzee peke yake ni ushahidi, basi kila tunapomwomba Mungu siku nyingi, tunaomba kuwa walozi!

Watoto wetu wanakufa kwa malaria, kwa maji machafu, kwa kukosa dawa. Tukimfukuza bibi, mbu wanabaki, na kisima kinabaki vilevile.

Wapendwa, tusingoje kilio kingine. Wiki hii kila nyumba imtembelee mzee mmoja anayeogopwa, imtekee maji, iketi naye nje mbele ya watu wote. Sisi tulionyamaza tutatangulia.