Je, Mwenye Kujitolea Hudaiwa?

Niliulizwa suala moja mlangoni mwa msikiti huko Kisarawe, nami sikuweza kulijibu pale pale. Aliyeuliza ni mtu wa makamo, mwenye shamba la mikorosho. Alisema: "Maalim, mtu akijitolea kuwaangalia vijana wa watu, kisha akachoka akaacha, je, hudaiwa? Maana hapana aliyemlazimisha, wala hakupokea ujira."

Suala hili laonekana jepesi, walakin si jepesi. Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafii, afungaye saumu ya sunna ana khiari ya nafsi yake: akitaka ataitimiza, na akitaka atafungua, wala hailazimu kuilipa. Wenzetu wa madhehebu ya Imamu Abu Hanifa wao wasema kuwa aliyekwisha kuianza imemlazimu. Basi asikiaye hayo aweza kukimbilia kusema: "Sisi tu Mashafii, kazi ya khiari ni khiari, mwanzo wake na mwisho wake." Nami naona huko ni kupima nguo kwa kibaba. Mwenye kufungua saumu yake ya sunna hakumpunguzia kiumbe mwingine kitu. Aliyekosa thawabu ni yeye. Ama aliyemwambia kijana, "Njoo kwangu kila Alkhamisi baada ya Isha," amekwisha kuutia moyo wa mtu mwingine katika hesabu yake. Hiyo si saumu tena, ni ahadi, na ahadi ina mwenyewe.

Nayasema haya kwa kuwa deni hilo ni langu. Miaka kadhaa iliyopita tulikutana watu 11 hapa Maili Moja, Kibaha, tukaafikiana kwamba kila mmoja atamshika mkono kijana mmoja asiye na baba, au mwenye baba asiyeonekana nyumbani. Tulisoma fatiha, tukanywa kahawa, tukapigwa picha. Mimi nilipata kijana wa miaka 15, aliyeacha shule akawa akiuza maji ya chupa kituoni mwa mabasi. Siku za kwanza sikumkosa. Kisha ikaja harusi, ikaja safari ya Tanga, ikaja mvua. Na kila udhuru ulikuwa wa kweli. Mwezi wa tatu nikaacha. Baadaye mke wangu aliniambia kuwa yule kijana aliendelea kuja Alkhamisi nne, akaketi barazani, akangoja, kisha akaenda zake bila ya kubisha hodi. Hilo la kutobisha hodi ndilo lililoniondolea usingizi, kwani mtu humbishia mlango yule anayemtumaini.

Baba yake alikwisha kumwacha mara moja. Mimi nilimwacha mara ya pili, hali nimejiita mlezi. Yamkini kama nisingalimwita, angalibaki na jeraha moja.

Je, ndiyo tusianze? La, hapana nafasi ya kusema hivyo. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2012 Mkoa wa Pwani ulikuwa na watu 1,098,668. Mwaka 2022 wakawa 2,024,947. Dar es Salaam imefurika, na watu wamefuata viwanja Kibaha na Kisarawe, kila mtu na nyumba yake mpya na ukuta wake. Zamani mtoto akionekana na sigara njiani, mzee yeyote alimkemea, na mama yake alishukuru. Leo mzee huyo huulizwa, "Na wewe nani?" Lile lililokuwa juu ya mtaa mzima, mfano wa fardhi kifaya, halina wa kulichukua. Wilaya ya Kisarawe ilipofanya harambee ya Tokomeza Ziro mwaka 2019, watu walichanga, na shule ya wasichana ikajengwa. Ni jambo la kushukuriwa. Lakini ukuta haumwulizi mtoto, "Mbona jana hukuja?"

Wazee wa Uzaramo walilijua hili. Mtoto aliyeingia jandoni alikuwa na kungwi wake wa kumfunza na kumuuguza, wala kungwi hakutoka kumbini kabla ya mwari wake kupona. Sisemi kuwa mambo yote ya jandoni yalikuwa mema. Mengine masheikh waliyakataza, na haki walikuwa nayo. Nalotaka litazamwe ni hili: kazi ile ilikuwa na mwanzo na mwisho ujulikanao na wote wawili. Hata wageni waliotoka kaskazini ya Ulaya, Uswidi na jirani zake, walianza kazi yao hapa Kibaha mwaka 1963, na mwaka 1970 wakaikabidhi kwa serikali, hawakuondoka usiku. Shule na hospitali ya Tumbi zingalipo.

Mtume, rehema na amani zimfikie, ametufundisha kuwa amali ipendezayo zaidi ni ile idumuyo, ijapokuwa chache. Sisi tulipenda nyingi, tukaahidi malezi ya maisha, hali hatukuweza hata mwaka.

Nilipomrudia yule mwenye mikorosho nikamwambia: hudaiwa, na adaiwacho ni kile alichokitamka, kwa hiyo na atamke kidogo. Akafikiri, akasema, "Basi mimi naahidi miezi sita, maana msimu wa korosho ukiingia sina nafasi." Nikamwambia amwambie kijana hivyo hivyo siku ya kwanza, bila ya kuipamba.

Sasa tu watu wanne, wawili Kibaha na wawili Kisarawe, na vijana ni wanne. Twakutana nao barazani mbele za watu, na mama zao wajua; kukutana faraghani tumekukataa tangu mwanzo, kwa heshima ya mtoto na usalama wake. Hatukupigwa picha.

Yule wangu wa kwanza amekuwa mtu mzima, aendesha bodaboda kando ya barabara ya Morogoro. Nilimwendea kumtaka radhi. Alinisamehe upesi mno, kama asamehevyo mtu asiyekuwa na haja nawe tena. Nikamwomba awe wa tano wetu. Hajanijibu.