Kuhesabiwa Si Kutiwa Chapa

Maandiko: 2 Samweli 24:1-17, Luka 2:1-7, Ufunuo 13:15-17



Jumapili iliyopita, baada ya ibada ya pili, nilikuta watu wamesimama chini ya mwembe karibu na tangi la maji, sauti ziko juu. Nikadhani ni mambo ya mpira. Kumbe ni SHA. Upande huu ndugu yetu anayefua nguo kwenye hoteli moja ya Diani, upande ule mwalimu wetu wa Shule ya Jumapili. Mmoja anasema serikali imewakumbuka wanyonge, mwingine anasema serikali inatunyonya. Ikafika mahali mmoja akamwambia mwenzake, "Wewe unasema hivyo kwa sababu ya chama chako." Na hao ni watu ambao nusu saa kabla walikuwa wameshiriki meza moja ya Bwana.

Sikuwakemea. Nilirudi ofisini nikafunga mlango, kwa sababu Roho alianza na mimi. Kuna jambo ninalopaswa kuliungama kabla sijamfundisha mtu yeyote.

Nilichowahubiria mwaka 2019

Wale wa zamani mnakumbuka. Aprili na Mei 2019 watu walipanga foleni kujisajili Huduma Namba. Mimi nilisimama kwenye madhabahu hii, nikafungua Ufunuo 13, nikawaambia kwamba hiyo ndiyo namba ya yule mnyama, msitoe vidole vyenu. Mlisema Amina. Wengine mlipiga vigelegele. Sikuwa nimesoma sheria. Sikuwa nimefunga wala kuomba juu ya jambo lile. Nilikuwa nimeona video kwenye simu, nikaitia sauti ya Mungu.

Sasa, kuna mama mmoja wa kanisa letu, anakaa upande wa Msambweni, anauza mahamri asubuhi kando ya barabara. Maneno haya nimemsomea kabla hayajachapwa. Amekubali niyaseme, ila jina lake tusiandike.

Mama huyu ana ugonjwa wa sukari. NHIF ilipoondoka na SHA ikaanza tarehe 1 Oktoba 2024, binti yake alimwambia, "Mama, twende tukakusajili." Akakataa. Akasema, "Pasta alisema tusitoe vidole." Binti akamweleza kwamba ile ilikuwa Huduma Namba, hii ni ya hospitali. Mama akajibu kwamba shetani hubadilisha jina tu.

Siku moja akakanyaga kipande cha bati uani. Kidonda kidogo. Akakiosha kwa maji ya chumvi, akafunga kitambaa, akaendelea na mahamri yake. Hakutaka kwenda hospitali kwa sababu alijua ataulizwa kama amesajiliwa, na kama hajasajiliwa, pesa zote zitatoka mfukoni. Wiki tano. Tulipomfikisha hospitali, daktari akasema mguu hauwezi kuokolewa.

Nilikwenda kumwona baada ya upasuaji. Nilikuwa nimeandaa mstari wa kumfariji. Kabla sijafungua kinywa, akanishika mkono akaniambia, "Lakini pasta, sikutoa kidole."

Alitaka nimsifu.

Watu wa Mungu, sijawahi kusikia sentensi nzito kama hiyo. Nimemwomba mama yule msamaha, akanisamehe. Leo nawaomba na ninyi. Nilisema "Bwana amesema" mahali ambapo Bwana hakusema.

Maandiko yanasemaje kuhusu kuhesabiwa?

Hebu tusome Biblia yote, si ukurasa mmoja. Katika Hesabu sura ya 1, Mungu mwenyewe anamwamuru Musa awahesabu watu, jina kwa jina. Katika 2 Samweli 24, Daudi anahesabu watu, na hukumu inashuka, watu elfu sabini wanakufa. Kitendo ni kilekile. Tofauti iko wapi? Tazama Daudi alihesabu nini: watu wa kushika upanga. Hakuhesabu wajane wala wagonjwa. Alitaka kujua nguvu zake mwenyewe. Hata Yoabu, mtu wa vita, alimuuliza mfalme kwa nini anataka jambo hilo.

Kwa hiyo swali la Biblia si "Je, tunahesabiwa?" Swali ni "Tunahesabiwa kwa ajili ya nani?"

Njoo Luka 2. Kaisari Augusto anatoa amri watu waandikwe. Yusufu hakusema Kaisari ni mpagani, sitakwenda. Alimchukua Mariamu, mja mzito, wakasafiri mpaka Bethlehemu. Mwokozi wetu alizaliwa safarini, wazazi wake wakiwa wamekwenda kuandikwa kwenye daftari la serikali ya kigeni. Kama kuandikwa tu kungekuwa dhambi, Mungu asingempitisha Mwanawe njia hiyo.

Na ile chapa ya Ufunuo 13? Isome polepole. Mstari wa 15 unahusu kuisujudu sanamu ya mnyama, ndipo chapa inafuata. Ni habari ya ibada: nani anamiliki moyo wako, nani unampigia magoti. Hakuna mtu anayemkana Yesu kwa bahati mbaya akiwa kwenye foleni ya zahanati.

Tena sisi wa Kwale tunao ushahidi nyumbani. Majirani zetu Wamakonde, ambao wazee wao walitoka Msumbiji kuja kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge na miwa huku kwetu, waliishi miongo mingi bila kitambulisho. Bila kitambulisho huna akaunti ya benki, huna kazi ya kuandikwa, mtoto wako anasumbuka shuleni. Oktoba 2016 walifunga safari kwa miguu kuelekea Nairobi kudai waandikwe, na serikali ikawatambua kuwa kabila la 43 la Kenya. Mwaka 2023 ikawa zamu ya Wapemba wanaovua katika pwani hii. Kamuulize mzee wa Makongeni kama namba ni laana. Atakwambia laana ni kuishi kama hupo.

Lakini mwenye wasiwasi si mjinga

Msinielewe vibaya. Sijatoka kwenye video moja kuingia kwenye nyingine. Sikuja kuwaambia kila serikali inachotaka kujua tukipeleke tu kama kondoo.

Vijana wetu wananiuliza, "Pasta, leo wanachukua alama za vidole kwa ajili ya dawa, kesho watazitumia kwa nini?" Ni swali la haki. Vijana hawa walishuhudia Juni 2024, na baada yake wakasikia habari za wenzao kuchukuliwa na watu wasiojitambulisha, katika magari yasiyo na namba. Anayetutaka sote tuwe na namba, naye gari lake liwe na namba. Huo si uasi. Hata Yoabu alimuuliza mfalme.

Na maswali yakiulizwa kwa njia ya haki, yanazaa matunda. Januari 2020 Mahakama Kuu ilikataa serikali kukusanya chembe za urithi na mahali nyumba ya mtu ilipo kwa ajili ya Huduma Namba. Oktoba 2021 ikasema utoaji wa kadi zile ulikuwa kinyume cha sheria, kwa sababu serikali haikupima kwanza hatari kwa siri za watu. Waliokwenda mahakamani hawakuhubiri 666. Walisoma Katiba, Kifungu cha 31, kinachosema mtu asilazimishwe kutoa habari za nyumba yake bila sababu, wala zisifichuliwe ovyo. Tangu mwaka 2019 tuna Sheria ya Ulinzi wa Data, na habari za afya ya mtu zimewekwa katika zile za kulindwa zaidi. Machi 2025 Mkaguzi Mkuu wa Hesabu alitoa ripoti kwamba mfumo wa SHA, wa shilingi bilioni 104.8, serikali yenyewe haiumiliki. Muumini akiuliza, "Basi siri zangu ziko kwa nani?" msimwambie ana pepo wa upinzani. Mjibuni.

Mnaona tofauti? Mimi niliwapa hofu. Wale walitoa maswali. Hofu ilimkalisha mama nyumbani wiki tano. Maswali yalimsimamisha mfalme.

Turudi chini ya mwembe

Sasa wale ndugu wawili. Niliwaita Jumanne tukakaa na karatasi. Tuseme mshahara wa ndugu wa hoteli ni 20,000. NHIF ilikuwa ikimkata 750. SHA ni asilimia 2.75, kwa hiyo 550. Kwake mzigo umepungua. Tuseme wa mwalimu ni 60,000. Alikuwa akikatwa 1,300, sasa ni 1,650. Kwake umeongezeka. Kila mmoja alisema kweli ya payslipu yake, akadhani ndiyo kweli ya Kenya nzima.

Na wote wawili walimsahau mama wa mahamri. Yeye hana payslipu. Anaulizwa maswali ya nyumba yake: paa ni la nini, choo ni cha namna gani, anapikia nini, ndipo apangiwe kiasi. Kima cha chini ni 300 kwa mwezi, nao utaratibu ni kulipa ya mwaka kwa pamoja, yaani 3,600. Kwa mtu anayeishi kwa faida ya leo, hiyo si pesa ndogo. Hospitali nazo zimelalamika kwamba hazilipwi kwa wakati. Hayo ni makosa ya kusemwa, na anayeyasema si adui wa maendeleo.

Biblia ina njia zote mbili. Katika Kutoka 30, tajiri na maskini walitoa nusu shekeli sawasawa. Katika Matendo 11, wanafunzi wa Antiokia walituma msaada kila mtu kwa kadiri alivyofanikiwa. Kwa hiyo mtu asisimame hapa kusema asilimia zake ndizo za mbinguni. Lakini katika njia zote mbili hakuna mahali mgonjwa aliachwa wakati wenye afya wakibishana. Yule Msamaria alimlipia mtu ambaye hata hakumjua ni wa upande gani.

Kura ni yako, piga unavyoongozwa. Ila ukivuka lango hili, huyo ni ndugu yako kabla hajawa mtu wa chama.

Boriti ya jicho letu

Nimalizie na neno gumu. Tunasema serikali isichungulie siri zetu. Amina? Sasa, siku mama yule alipolazwa, kwenye kundi letu la WhatsApp la maombi, mtu alituma picha ya mguu wake. Mwingine akatuma karatasi ya daktari, jina, umri, ugonjwa, yote. Kundi lina watu mia mbili na zaidi. Jioni habari ilikuwa imefika Ukunda stendi. Mama hakuulizwa. Hiyo haikuwa serikali. Ni sisi, na emoji za mikono ya maombi.

Hajiri alipokimbilia jangwani alikutana na Mungu aonaye. Mungu alimwona, hakumtangaza. Kuonwa na anayekupenda ni uponyaji. Kuchunguliwa ni aibu. Kanisa lichague.

Kwa hiyo, wazee tumekubaliana hivi:

Kwanza, picha na karatasi zote za wagonjwa zifutwe kwenye kundi letu kufikia Jumatano. Kuanzia sasa ombi la mgonjwa litaandikwa kwa ruhusa yake tu.

Pili, kila Jumapili baada ya ibada vijana watakaa kwenye meza chini ya mwembe kuwasaidia wazee kujisajili kwa *147#. Asiyetaka asilazimishwe, wala asidharauliwe. Kijana, usimwombe mzee namba yake ya siri ya pesa. Mzee, usimpe mtu yeyote, hata akisema ametumwa na pasta.

Tatu, tumefungua mfuko wa kuwalipia ya mwaka wasioweza. Sitaki mseme pasta amehamisha mzigo: mchango wa kwanza umetoka kwangu. Daudi alipotubu alikataa kumtolea Bwana sadaka isiyomgharimu.

Nne, mwenye malalamiko juu ya SHA au siri zake ayalete. Tutamsaidia kuandika barua kwa ofisi inayohusika, ya SHA au ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, kwa heshima na bila woga.

Mama wa mahamri alisajiliwa mwezi uliopita. Nilimsindikiza mwenyewe. Alipoambiwa aweke kidole kwenye mashine, alinitazama kwanza. Nikamwambia, "Mama, weka. Jina lako liko kwenye kitabu cha Mwana-Kondoo, na hakuna mashine inayoweza kulifuta." Akaweka. Kisha akasema, "Ungeniambia hivyo mapema, pasta."

Tuombe

Baba, nisamehe kwa neno nililolisema bila wewe kunituma. Mponye mama yetu, na umpe riziki katika hali yake mpya. Wape watawala wetu kuhesabu watu ili wawahudumie, na uwazuie wasiwahesabu ili wawatawale kwa hofu. Linda siri za wanyonge. Utuondolee roho ya chama ndani ya nyumba yako, utupe macho kama yako, yanayoona na kutunza. Katika jina la Yesu, Amina.

*Kwa ibada za nyumbani wiki hii:* (1) Ni jambo gani umeliamini kwa sababu pasta alisema, bila kulisoma mwenyewe? (2) Ni mgonjwa gani umesambaza habari zake bila kumuuliza? Mwendee. (3) Jirani yako mzee amesajiliwa? Ukiwa hujui, nenda kamuulize kabla ya Jumapili.